Mwanafunzi wa Lishe Asiyeweza Kumeza

Sasa ninakula. Nalisema hilo kwanza ili wewe unayesoma huku ukikiogopa kikombe cha maji kilicho mbele yako usiishie njiani. Ninakula polepole, nikiwa nimekaa wima, na viko vyakula ambavyo tumeagana moja kwa moja. Lakini ninakula.

Ugonjwa wangu una jina refu la kigeni. Daktari akiukuta kwako atakuandikia. Mimi nitasema tu kwamba njia ya chakula ina mlango pale inapoingia tumboni, na mlango wangu uliacha kufunguka. Chakula kilishuka, kikafika mlangoni, kikasimama. Nilichokula asubuhi kilirudi jioni kama nilivyokitafuna, bila hata uchachu, kwa sababu tumbo halikuwahi kukiona.

Naitwa Nakunda. Nimezaliwa Bombo, huku milimani Upare ya kusini, mtoto wa tatu wa mkulima wa tangawizi ambaye pia ni mzee wa kanisa. Ugonjwa ulinikuta mwaka wa pili wa stashahada ya lishe, katika chuo kilicho mwendo wa siku nzima kutoka nyumbani. Nafasi ile sikuiokota. Nilirudia mtihani wa kemia mara mbili, nikikaa kwa mama mdogo Same mjini, nikifua nguo za wanawe alfajiri ndipo nishike kitabu. Jina langu lilipotoka kwenye orodha ya chuo nililisoma mara nyingi hadi simu ikazima.

Kwa hiyo fikiria. Wiki nzima nafundishwa kupanga mlo kamili wa mama mjamzito, wa mtoto, wa mzee, wa mgonjwa. Ijumaa tunaingia jikoni kwa mafunzo, tunapika, kila mmoja anaonja na kutoa maoni. Mimi naonja, napiga kifua kwa ngumi, natoka mbio. Wenzangu walinipa jina: Mlo Kamili. "Jamani, Mlo Kamili ameshatoka. Nani anaandika maoni yake?" Wakacheka. Nami nilicheka nao mwanzoni, maana nilidhani ni jambo la wiki mbili.

Vuli ilipoanza nilikuwa nimeshajifunza ujanja wa kila namna. Nilimeza nikiwa nimesimama na mikono juu. Nilishushia kila tonge kwa maji mengi, nikaruka-ruka chooni ili uzito ulisukume. Nililala nimeketi, mgongo ukutani, maana nikilala chali nilikohoa chakula cha jana. Sketi niliipunguza kwa pini, kisha kwa pini mbili, kisha nikaifunga kwa kamba ndani ya blauzi. Mizani ya darasani ndiyo iliyokuwa ikinisema ukweli, nami nilianza kuikwepa, mimi niliyekuwa nikifundishwa kuwapima watu.

Zahanati ya kwanza waliniambia ni vidonda vya tumbo. Nikameza dawa, yaani nikajaribu kuzimeza. Ya pili waliniambia ni vidonda vile vile ila vimekomaa. Ya tatu, mhudumu alinitazama kwa upole akaniuliza, "Una mchumba?"

"Ninaye."

"Punguza mawazo, dada."

Ninaye, nilisema, na ilikuwa kweli. Aliitwa Eliamani, mwalimu wa shule ya msingi, wa kijiji cha ng'ambo ya bonde letu. Krismasi ile watu wake walikuwa waje nyumbani kuzungumza na baba. Siku ile naikumbuka hadi leo.

Walikuja watu watano, shangazi yake akiwa mbele. Mama alikuwa amepika makande tangu alfajiri, yale ya kwetu, yaliyoiva hadi maharage yamepasuka. Nilimfuata jikoni nikamwambia, "Mama, leo sitaweza. Niache nihudumie tu."

"Mwanangu, wamekuja kukuona. Usipokaa watasemaje?"

"Mama, yatarudi."

Alinitazama. Alikuwa anajua, ila hakuwa anajua kiasi gani. "Vijiko vitatu tu," akasema. "Jikaze."

Nilikaa. Baba akabariki chakula. Kijiko cha kwanza kikashuka kikasimama. Cha pili kikapanda juu ya cha kwanza. Shangazi alikuwa ananiuliza habari za chuo, nami nikimjibu kwa kichwa. Cha tatu nilikitia mdomoni kwa sababu baba alinikazia macho. Nikanywa maji ili nisukume, na maji yakakosa pa kwenda. Sikufika hata mlangoni. Yalitoka mdomoni na puani, mbele ya wageni, juu ya kitambaa cheupe alichokishona mama kwa ajili ya siku ile.

Hakuna aliyeinuka. Shangazi aliweka sahani yake chini taratibu, akamgeukia mama, si mimi, akauliza, "Ana miezi mingapi?"

Kesho yake nilipelekwa kupimwa mimba kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Shangazi alikuja mwenyewe kushuhudia. Hakukuwa na mimba. Ungedhani habari ile ingewafurahisha. Iliwaudhi zaidi, maana sasa ilibidi watafute kosa lingine. Wakaomba nipimwe na ule ugonjwa mwingine. Nikapimwa, nikakutwa sina. Shangazi akasema, "Basi yeye mwenyewe ndiye anayejua anachojifanyia," akachukua mkoba wake.

Eliamani aliniandikia ujumbe kwenye simu: "Nyumbani wamekataa. Mungu akuponye." Nilisubiri ujumbe wa pili. Sikuupata.

Lakini wageni ni wageni. Aliyeniumiza hasa alikuwa wa nyumbani. Jumapili ile, kwenye sala ya familia, mimi nikiwa nimepiga magoti kati ya mama na dada yangu Nanzia, baba aliomba kwa sauti yake ya kanisani: "Ee Bwana, mwondolee binti yetu kiburi cha mjini, kinachomfanya adharau chakula cha kwao na kutuaibisha mbele ya watu." Wote wakaitika Amina. Nanzia aliitika. Mama aliitika. Nami niliitika, kwa mazoea, na hilo ndilo sijalisamehe ndani yangu.

Nanzia alinifuata baadaye nje, akanishika mkono, akashtuka vidole vyake vilipokutana. "Nakunda, kula tu basi," akasema. "Kula yaishe." Alikuwa analia. Alidhani ni hiari yangu.

Likizo iliisha, sikurudi chuoni. Sikuwa na nguvu ya kupanda gari. Kiangazi kifupi kile cha Januari nilikipitisha kibarazani nikisikia kila anayepita akimwuliza mama kwa Chasu, lugha yetu, kama nimeshajifungua. Nywele zilianza kutoka kwa mkono. Nilipojisugua mgongo nilihesabu mifupa. Nilinusa ndizi zikichemka jikoni na mate yakanijaa kinywani, na hata mate yalikuwa hayashuki, ilibidi niyateme.

Aliyeniokoa ni mama, na hakuniokoa kwa upole.

Asubuhi moja alikuja kutandua kitanda changu akakuta mto umelowa. Zilikuwa ndizi za jana mchana. Zilinitoka usingizini. Zilikuwa bado nyeupe, vipande vinaonekana. Aliinama. Alikusanya vile vipande kwa kiganja, akaviweka kwenye sahani, akaenda nayo hadi mezani ambako baba alikuwa anakunywa chai na mkate, akaiweka mbele yake.

"Hiki nini?" baba akauliza.

"Ni chakula alichokula binti yako jana mchana. Kiangalie vizuri."

"Mama Nanzia, mimi ninakula."

"Naona unakula. Kiangalie. Mtu anayedharau chakula hukitafuna hivi? Hukimeza? Hulala nacho kifuani hadi asubuhi?" Sauti yake ilipanda. Miaka yote sijawahi kumsikia akimpandishia baba sauti. "Umemshitaki kwa Mungu. Haya, mshitaki na kwa daktari tuone nani atakuelewa."

Baba aliisukuma ile sahani pembeni. Hakumaliza mkate wake. Kesho yake alfajiri tulikuwa kwenye gari la kushuka Same, mimi katikati yao, nikiwa na ndoo ndogo mapajani.

Kuhusu mabenchi ya hospitali nitasema machache, maana kama unaumwa unayajua. Ukikaa muda mrefu unajua nani anaumwa kweli na nani amesindikiza kwa kutazama viatu tu. Mgonjwa huja na ndala. Pale Same, nje ya geti, palikuwa na mama wa chapati. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko lake nikitafuta pa kutemea mate, watu wakinitazama kwa kinyaa. Yeye alichukua kopo tupu la maziwa, akalisogeza kwa mguu hadi nilipo, akaendelea kugeuza chapati bila kuniangalia. Hakuniuliza naumwa nini. Sijui hata jina lake. Katika mwaka ule mzima, lile kopo ni kati ya vitu vizuri nilivyopewa.

Same walitupa barua ya kwenda Moshi. Masika ilikuwa imeanza. Moshi nilinyweshwa kitu cheupe kizito kama chokaa nikapigwa picha kikishuka, halafu siku nyingine nikaingizwa kamera kooni. Daktari alikuwa kijana. Alituita ndani wote watatu, akaibandika picha kwenye taa. Njia yangu ya chakula ilikuwa imevimba kama soksi iliyojazwa mchanga, na mwisho wake umefungwa fundo.

"Hapa hapapiti hata maji," akasema. "Ameishije?"

Akaigonga picha kwa kalamu.

"Mlidhani ni nini?"

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa amevua kofia, anaizungusha-zungusha vidoleni. "Tulidhani anajinyima," akasema kwa sauti ndogo.

Daktari akarudi kwangu. "Wewe unafanya nini nyumbani?"

"Ni mwanafunzi wa chuo. Nasomea lishe."

Nilimwona akijizuia kucheka. Sikumlaumu. Nami ningecheka.

Dawa ilikuwa upasuaji, kuukata ule mlango. Lakini mwili wangu haukuweza kuvumilia kisu. Walipitisha mrija puani hadi tumboni, ukabandikwa shavuni kwa plasta, na nikaambiwa nitalishwa kwa njia hiyo wiki nane ndipo nipasuliwe. Kupitishwa mrija kunauma. Wanaosema hakuumi hawajapitishwa. Macho yanatoka machozi, koo linapigana, na muuguzi anakwambia "meza, meza," neno lile lile ulilolishindwa kwa miezi.

Mtaalamu wa lishe wa wodi alikuja kupanga maziwa na uji mwembamba wa kupitisha mle. Nilimsikiliza akimweleza muuguzi vipimo, nikasema, "Ukianza na kiasi hicho mwili utashtuka. Nimekaa bila chakula muda mrefu mno. Anza na nusu, upandishe kwa siku."

Aligeuka. "Nani amekufundisha?"

"Niko mwaka wa pili, sista."

Alinipa kalamu na karatasi. "Andika mpango wako. Nikikubaliana nao tutautumia."

Niliandika nikiwa nimelala ubavu, nikihesabu kwa kilo zangu mwenyewe nilizokuwa nikizikwepa. Aliusoma, akasahihisha sehemu mbili, akausaini. Nilikuwa mgonjwa wangu wa kwanza. Kila wiki nilijipima, na mstari ukaanza kupanda, kidogo, kama kitu kinachoona aibu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka.

Kitanda cha jirani alilazwa Mama Neema, mjane wa Usangi, mwalimu mstaafu. Naye alikuwa hamezi. Tuliingia wiki moja, tukiwa na dalili moja, tukawekewa mirija inayofanana. Watu waliokuja kutuona walituita mapacha. Tofauti ni kwamba mlango wangu ulikuwa umekaza misuli tu, na wake ulikuwa umeota saratani. Yeye alijua kabla yangu. Hakuniambia hadi nilipouliza atapasuliwa lini.

"Mimi sipasuliwi, binti," akasema. "Mimi nimekuja kukusindikiza."

Alipenda nimsimulie chakula. Kwa kuwa nasoma lishe alidhani nakijua zaidi. "Haya, mwalimu, leo tunakula nini?" aliuliza kila asubuhi, nami nikamsimulia viazi vikuu, mboga ya maboga iliyoungwa kwa karanga, maziwa mgando, hadi akafumba macho. Wakati mwingine alinisahihisha: "Hapana, karanga zimezidi." Tulipita hivyo Mei nzima hadi baridi ya Juni.

Nilipasuliwa mwanzo wa Julai. Siku tano baadaye wakaniletea uji, nusu kikombe, wa kunywa kwa mdomo. Nilikaa wima. Nilikunywa funda moja, nikasubiri lirudi. Halikurudi. Nilisikia joto likishuka kifuani, likapita pale, likaingia tumboni. Sijui kukueleza. Kama umezaa labda utajua, mimi sijazaa. Nikanywa lingine. Nikasahau kila kitu. Nilikunywa kwa kelele, nikilamba mdomo, nikichekacheka peke yangu.

"Una ladha gani?" Mama Neema akauliza.

Nilikuwa nimemsahau. Alikuwa ameketi kwenye kitanda chake, mrija shavuni, ananitazama mdomo. Nilijua alichokitaka. Alitaka nimsimulie, kama kila siku. Dakika tano tu. Nami nikaona akinianzisha uji utapoa, na kwamba hii ni furaha yangu, nimeisubiri, sitaki kuigawa na mtu.

"Ni uji tu, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa adabu, akalala akigeukia ukuta. Siku mbili baadaye wanawe walikuja kumchukua kwenda Usangi. Aliniaga vizuri, akanibariki kwa mkono kichwani. Alifariki kabla ya vuli. Binti yake alinipigia simu. Nimemsimulia ule uji mara nyingi tangu hapo, nikiwa jikoni peke yangu. Ulikuwa wa mtama. Ulikuwa na limau kidogo na sukari haikutosha. Haunirudishii kitu.

Ukiwa mgonjwa watu watakutendea ukatili, nimekueleza. Sikutaka umalize kusoma ukidhani mgonjwa mwenyewe hana wake.

Nilirudi chuoni mwaka uliofuata. Wenzangu walioniita Mlo Kamili walikuwa wamemaliza. Mkuu wa idara alinishauri nihamie kozi isiyo na wodi, "kwa afya yako." Nilimwambia afya yangu ndiyo iliyonirudisha. Nilikula mara saba kwa siku, vijiko vichache vichache, darasani na maktaba, na wapo walionisema kwa hilo pia. Mitihani nilifaulu, si kwa kung'ara. Likabaki jambo moja ndipo nimalize: mafunzo kwa vitendo, miezi mitatu wodini, na msimamizi aandike kama naiweza kazi au siiwezi.

Nilipangiwa hospitali moja katika tambarare za Same, kwenye chumba cha watoto wenye utapiamlo mkali. Kilikuwa kiangazi, upepo umebeba vumbi, na watoto walikuwa wakiletwa karibu kila siku. Msimamizi wangu nitamwita Madam Joyce. Siku ya kwanza aliniona nikila kiazi kwenye korido.

"Hapa si hotelini."

"Samahani, Madam. Nilifanyiwa upasuaji, inabidi nile kidogo kila—"

"Ruhusa ya kuumwa inaombwa kwa barua. Huna barua? Basi huumwi." Akaondoka. Kuanzia siku ile nilikula chooni.

Alinisimamisha kuliko wengine. Alinituma kwenye mizani, alinituma stoo, alinirudisha nikakoroge tena maziwa ya tiba niliyokoroga sawa. Jioni kifua kiliwaka moto, kwa maana baada ya upasuaji tindikali hupanda, nami nililala nimeketi kama zamani.

Mwezi wa pili tulikuwa na watoto wawili vitanda vya jirani. Mmoja aliitwa Baraka, alikuwa na mwaka na nusu, ngozi imelegea mapajani kama suruali ya mtu mwingine. Mwingine alikuwa msichana mdogo, Ester. Baraka alikuwa anageuza uso kila akiona kikombe. Zamu ya asubuhi waliandika kwenye chati: amekataa. Zamu ya mchana: amekataa. Mama yake, msichana wa miaka kama ishirini, alikuwa amechoka kiasi kwamba naye alisema, "Huyu mtoto ana kiburi, kama baba yake."

Neno lile lilinipandisha hasira. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka: "Hajakataa. Ameshindwa."

Madam Joyce alikuwa mlangoni. "Umesema nini?"

"Nasema hajakataa, Madam. Anataka. Tazama ulimi wake kikombe kikisogea. Anaogopa kwa sababu kikifika kinamkaba. Kukataa na kushindwa ni vitu viwili."

"Haya. Mlishe wewe."

Nilimshika nikamkalisha wima, mgongo wake kifuani pangu. Nilitumia kijiko cha chai, nikamgusisha mdomo, nikasubiri. Tone. Nikasubiri ameze. Nilijua muda ule unavyokuwa mrefu kwa anayemeza na unavyokuwa mfupi kwa anayelisha, na nikaamua kukaa kwenye muda wake. Kikombe kimoja kilichukua karibu saa nzima. Baada ya saa mbili nikaanza kingine. Nilimfundisha mama yake, na siku ya nne alikuwa akimlisha mwenyewe, akihesabu kimoyomoyo kati ya tone na tone. Wiki ya pili Baraka alinyakua kijiko.

Ester alikufa. Alikuwa anakula vizuri kuliko Baraka, hakutusumbua, na Jumatano mchana mwili wake uliacha tu. Nilikuwa nimemlisha mimi. Nilisimama nikishikilia kikombe chake na sikuweza kusogea, na mama yake alinitazama kama watu wanavyomtazama aliyekishika mara ya mwisho kitu kilichopotea.

"Andika," Madam Joyce akaniambia sikioni.

"Siwezi, Madam."

"Saa, kiasi alichokunywa, alivyokuwa. Andika. Utalia ukimaliza." Akasimama pale pale hadi nikaandika kila mstari. Kisha akamshika mama Ester begani akamwongoza nje, naye mwenyewe akarudi macho mekundu, akanituma stoo.

Siku ya mwisho aliniita ofisini kwake, akanipa fomu imefungwa kwenye bahasha, halafu akaifungua tena mbele yangu nisome. Chini kabisa alikuwa ameandika: Anaiweza kazi.

"Sikukupenda ulipokuja," akasema. "Nilikuona ni mtu wa kuhurumiwa, nami sina muda wa kuhurumia mfanyakazi. Bado sijakupenda sana. Lakini nimeomba ubaki." Akafunga bahasha. "Na uache kula chooni. Mimi ni mtaalamu wa lishe, unadhani sijui?"

Barua ya kunipokea ilitoka baada ya matokeo ya chuo: mwaka mmoja wa mafunzo kazini, wodi ile ile. Nilipanda nayo Bombo. Baba aliisoma mara mbili, akavaa koti. Jumapili akasimama kanisani akatangaza kwamba Mungu amejibu maombi ya nyumba yake. Watu wakapiga makofi. Shangazi wa Eliamani alikuwa amealikwa kwenye ubatizo siku hiyo, naye alipiga makofi.

Tukirudi nyumbani kwa miguu nilimwambia, "Baba, ulichoomba wewe ni niondolewe kiburi."

Alitembea hatua kadhaa. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema. Nilikuwa nimepiga magoti."

Akapanda kilima chote. Juu kabisa akasimama kuvuta pumzi, akatazama migomba, akasema, "Basi lile hakulisikia." Hajaniomba msamaha zaidi ya hapo na sidhani kama ataniomba. Nimeacha kusubiri.

Wewe unayesoma: chakula kikirudi hakijachacha, kama maji nayo yanakwama, rudi hospitali, na wakikwambia ni mawazo rudi tena, na uwaombe wakupige picha ukiwa unameza. Nenda na mtu mmoja anayekuamini. Akikosekana, nenda peke yako. Na atakayekuuliza kwa nini hukula, mwambie hukukataa.

Nilianza kazi Jumatatu. Nilivaa koti jeupe lililonizidi mabega, nikabandika kitambulisho chenye jina langu na neno lishe chini yake. Nilikigusa mara nyingi njiani, na sioni haya kulisema. Kabla sijakaa aliingia bibi mmoja aliyeshuka kutoka milimani, mjukuu mgongoni amefungwa kanga, vumbi hadi magotini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nimeambiwa nimwone afisa lishe."

"Ni mimi, bibi."

Alinitazama kuanzia viatu. Akafika kwenye shingo yangu, ambayo bado ni nyembamba, akakaa hapo kidogo, akatazama nyuma yangu chumbani.

"Hakuna mwingine?"

"Hakuna," nikasema. "Mfungue mtoto tumpime."